Mabaka Kwenye Mahindi ya Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini Tengeru, mkuu wangu, Afisa Kilimo, alinikabidhi buti akasema, "Bibi shamba, mkulima anataka jibu, hataki somo." Nikamwambia jibu bila somo ni uaguzi. Alicheka. Baadaye aliacha kucheka.

Biashara huria ilikuwa ndiyo kwanza imeingia. Maduka ya pembejeo yalichipuka kila senta, nasi ofisini hata petroli ya pikipiki hatukuwa nayo. Tulijaziwa na mwenye duka la dawa za mimea pale Kikatiti.

Mama Anaeli, mjane wa Kimeru, alipanda mahindi ya kumlisha ng'ombe wake mmoja wa bandani. Majani yakatoka mabaka marefu ya kijivu, yamechongoka ncha zote mbili. Mwenye duka akasema ni wadudu, akamwandalia sumu. Mkuu akanituma nikathibitishe. Eti nikathibitishe!

Nilikagua majani juu na chini: hakuna tundu, hakuna kinyesi cha mdudu. Nikayafunga kwenye mfuko wa nailoni na pamba yenye maji. Kesho yake mabaka yalikuwa yameota ukungu mweusi. Huo ndio ugonjwa wenyewe, tunauita baka jani. Sumu ya wadudu haiuui, ila ingeingia kwenye maziwa.

Nikarudi kwake. "Shikamoo, mama. Ukipuliza sumu hii, ng'ombe atakula nini?"

"Marahaba. Sina kingine, mwanangu. Akifa huyu, tumekwisha."

"Basi kata sasa, majani yangali mabichi, mlishe. Na mabua anayobakiza?"

"Yanaozea bandani na samadi, nayarudisha hapa hapa. Ndivyo tufanyavyo wote."

"Hayo peleka kwenye migomba. Ukungu unalala humo ukingoja mvua."

Mkuu aliposikia sumu haikununuliwa, alifoka. "Serikali imejitoa kwenye biashara! Mwache mtu auze!"

"Auze, mzee. Mdomo wangu hauko dukani."

Petroli ikakatwa, nikatembea kwa miguu. Msimu uliofuata mahindi ya Mama Anaeli yalisimama kijani, na ng'ombe alikuwa na ndama. Lakini watumishi walipopunguzwa, unga wangu ulikuwa wa kwanza kumwagika. Wenzangu wakanisihi niombe radhi. Radhi ya nini, ya kutazama jani? Thubutu!

Sasa nimezeeka hapa Lemara. Vijana wananiuliza kama sijuti. Cheo walichukua. Wakulima wameendelea kubisha hodi kwangu na majani yao mkononi, nami nayageuza juu na chini, nasema ninachokiona.