Fundi Aliyesema Sawa kwa Wote

Siku ile naikumbuka kwa kikohozi, Momanyi mwanangu, wala si kwa tarehe. Nilikuwa natoka kuchuma majani chai, nimelowa chapachapa kwa mvua, na kabla sijafika kwenye migomba yetu nikamsikia mtoto wangu Kemunto akikohoa. Kikohozi kile nilikijua. Kilikuwa kimeshatupeleka zahanati, na daktari akaniambia, "Mama, huyu mtoto mtoe kwenye moshi. Basi."

Nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi miaka kidogo tu. Baba yako ni kaka ya mume wangu, kwa hivyo mimi ni mama yako na utanivumilia. Sabato ya Jumamosi ulipopita hapa kutoka kanisani ulijisifu kwamba wateja wako wa ujenzi huko Marani wanakupenda kwa sababu hujawahi kumkatalia mtu. Nilikunyamazia kwa vile ulikuwa na sahani mkononi. Sasa sahani imeoshwa.

Wakati huo ulikuwa shule ya bweni, hukuyaona haya. Nyumba yetu tuliikarabati kwa sababu moja: kifua cha mtoto. Jiko la nje lilikuwa giza na moshi, halina hata tundu. Tukalibomoa, mabati yake tukaezekea chumba kipya cha kupikia kilichoshikana na nyumba. Nikamwonyesha fundi Nyakundi ukuta kwa mkono wangu. "Dirisha hapa, kubwa, litazame mlango, moshi upite."

"Sawa, mama."

"Umeelewa ni kwa nini?"

"Sawa kabisa, mama. Wewe usijali."

Mwanangu, mtu akikwambia usijali kabla hujamweleza, anza kujali.

Lakini kwetu unakujua. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya, na mimi siidharau. Tangu niolewe babu yako hajakanyaga kizingiti changu. Basi alipokuwa na neno juu ya jiko langu, alisimama nje, kwenye njia yake ya kupeleka ng'ombe mtoni, akainua fimbo. "Wewe kijana, hilo dirisha linaangalia njia yangu. Unataka kila siku nipite nikikutana macho na mke wa mwanangu akiwa ameinamia sufuria? Ziba hapo."

Na fundi akajibu nini? "Sawa, mzee."

Usimlaumu babu yako. Habari ya moshi hakuijua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na jiko lile asingeweza kuliingia hata angetaka. Mimi nami habari ya njia yake ningeijulia wapi? Mimi na baba mkwe tutakaa wapi kujadili madirisha? Mume wangu alikuwa kazini Kisumu, kila nikimpigia ananiambia, "Ongea na fundi." Boma zima, aliyeingia ndani akanisikia mimi, kisha akatoka nje akamsikia mzee, alikuwa mtu mmoja tu. Huyo mmoja alitugawia "sawa" sote wawili, akaenda kukoroga simiti.

Kwa hivyo siku hiyo ya mvua Magokoro, bibi yetu aliyemzaa babu yako, alimwingiza Kemunto jikoni karibu na moto kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Macho yake si mazuri. Alimsikia fundi akigongagonga asubuhi, akadhani anaweka fremu, kumbe anaziba dirisha kwa matofali. Nilipofungua mlango sikuona mtu, niliona moshi. Nikapapasa mpaka nikampata mtoto, mbavu zinampanda na kushuka chini ya sweta, midomo imebadilika rangi. Bodaboda ikatubeba mpaka zahanati katika mvua ile ile.

Tulirudi kesho yake. Kemunto alikuwa anapumua, mimi sijalala. Nyakundi alikuwa kwenye ukuta wa mbele anapiga plasta na mluzi. Mluzi! Nikamkabidhi Magokoro mtoto, nikachukua nyundo yake fundi, nikaingia jikoni nikaanza na tofali la katikati.

Akaja mbio. "Mama Kemunto! Mama, ni mzee alisema!"

"Na mimi nilisema nini?"

"Wewe pia ulisema."

"Halafu?"

Akatazama viatu vyake. "Halafu nikasema sawa."

Magokoro alikuwa mlangoni. "Umemaliza, mke wa mjukuu wangu? Weka nyundo chini, nyumba bado tunaihitaji." Kisha akamgeukia fundi kwa ile sauti ya mabibi wakitaniana na wajukuu: "Na wewe, bwanangu mdogo, rudisha hayo matofali kama ulivyoyapanga. Ukimaliza ukae hapa kwenye kigoda nikupikie uji wa wimbi."

Fundi akarudisha. Magokoro akanirudishia mtoto, akachochea kuni mbichi, akafunga mlango. Mimi nilibaki nje na mtoto, nikiwasikia kupitia mlango.

"Unalia nini, bwanangu? Umenikumbuka nikiwa msichana?"

"Hapana, Magokoro."

"Basi kunywa. Mbona hunywi?"

"Magokoro, nakuomba ruhusa nitoke."

"Kemunto alimwomba nani ruhusa?"

Fundi alitoka akipapasa ukuta alioujenga mwenyewe. Alikohoa mpaka akachuchumaa, na alipopata pumzi akasema, bila mtu kumuuliza, "Dirisha lipande juu, karibu na mabati. Moshi unapanda wenyewe. Na mzee akipita hamtaonana."

Nikamuuliza hilo alilijua lini.

"Siku ile ile mzee aliponisimamisha."

"Na ukanyamaza?"

"Mzee ni mzee, mama. Na wewe nawe... nilikuogopa."

Magokoro akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Uliogopa watu wawili wazima," akamwambia, "ukaona afadhali mtoto."



Magokoro akaenda njiani kumwambia mwanawe.  Babu yako akauliza neno moja ambalo lilinichosha kuliko moshi: "Mtoto anaumwa, mbona hamkuniambia?" Akaja mpaka nyuma ya ukuta, akainua fimbo juu kabisa, akasema, "Anzia hapa kwenda juu." Dirisha likaanzia hapo. Lipo mpaka leo.

Sasa nisikilize, nimechoka na sitarudia. Nyumba unayoikarabati si kiwanja kitupu, kuna watu wanakohoa ndani yake. Mwenye nyumba akikuonyesha anachotaka, muulize ni kwa nini, usiondoke hadi umwelewe. Akija mwingine na neno tofauti, awe mzee, awe mume kwenye simu, weka mwiko chini urudi kwa wa kwanza umwambie waziwazi. Mshika mawili moja humponyoka, na hujui lipi litaponyoka. "Sawa" si heshima, mwanangu. Mara nyingi ni woga uliovaa shati safi. Na ukijua njia iliyo bora, iseme matofali yakiwa bado chini. Mteja atakasirika, ndiyo. Mimi ningekasirika. Ningekufokea asubuhi, na jioni ningekupikia.

Ukija tena pitia njia ya babu yako, uinue macho uone moshi wa jiko langu unavyotoka. Mungu akupe mkono usiotetemeka na mdomo usiojificha. Kila nyumba utakayoigusa, walio ndani walale wakipumua.