Kwa Nini Kwangu Choo cha Kukaa Kinaitwa Kigoda

Haya nyie mliokaa kule mbali, sogeeni, kahawa haing'ati. Kila siku mnaniuliza kwa nini pale kwangu Majengo choo cha kukaa tunakiita kigoda. Leo nawaambia, na nikidanganya nitadanganya kidogo tu.

Nilipojenga choo cha ndani niliweka kile cheupe cha kukaa. Cheupe! Ukiwasha taa, majogoo wa mtaa mzima wanawika. Ukiflashi, viboko wa Mto Katuma wanaitikia. Kwa maringo nikafukia shimo la choo cha zamani, nikapanda mpapai juu yake.

Mke wangu akajifungua mtoto wetu wa kwanza. Mama yake, Msukuma wa watu, akaja kutoka Kasansa kumlea mzazi. Kesho yake asubuhi namkuta mama mkwe kafunga mzigo, jasho linamtiririka kama kachunga ng'ombe mia tano. Mimi na yeye hatutazamani usoni, adabu hairuhusu. Akawa anaongea na binti yake.

"Mwanangu, mwambie mwenzio narudi kwangu. Mle ndani kuna kigoda, na yeye anakikalia. Mimi nikae alipokaa mkwe? Bora nipasuke!"

Mke wangu machozi. "Baba, mama akiondoka, mtoto utamwogesha wewe!"

Hee! Mimi? Kitoto kile kinateleza kuliko kambale! Nikageukia ukuta, nikasema: "Mama, kuanzia leo kigoda ni chako. Mimi sikigusi." Nikang'oa ile pete ya kukalia, nikafunga mpya, nikakisugua chote mpaka kikapungua unene. Mama mkwe akafungua mzigo. Na jina nalo likabaki hapohapo, kigoda, mpaka majirani wakalizoea.

Sasa mimi je? Mwezi mzima napiga hodi kwa jirani yangu fundi baiskeli, kopo la maji mkononi. Mvua inanyesha, mimi na kopo. Mbwa wake alinizoea mpaka akawa ananisindikiza.

Siku mama mkwe alipopanda gari kurudi Kasansa, nilirudi mbio, mkanda naufungulia barabarani. Napita kwa fundi, nikampigia kelele: "Ndugu yangu, leo hunioni! Naenda kukaa kwenye kigoda changu!"

Fundi akaangusha spana.

"We mwehu! Alipokaa mama mkwe?"