Mishipa Iliyofundishwa Kubeba

Mwanangu, kuna siku moja ya masika hainitoki, ingawa nywele zangu zimekwisha kuwa nyeupe. Biashara ya mahindi ilikuwa imefunguliwa, na malori ya watu binafsi yalifika hadi kijijini Mwazye kutafuta nafaka. Nilikuwa msichana pekee kati ya wapakiaji wa Sumbawanga.

Nilipoanza kazi, mkubwa wetu, Mzee Sunga, alinipa gunia nusu tu, niliinue kwa nguvu zangu zote, mara moja, kisha nipumzike mpaka pumzi irudi. Nilikasirika.

"Shikamoo mzee. Mbona wenzangu wanabeba mazima?"

"Marahaba, binti. Misuli unayo. Mishipa ya fahamu ndiyo haijui bado kuiita yote pamoja. Ifundishe, usiichoshe."

Basi kila asubuhi, ukungu ukiwa umelala juu ya mashamba ya ulezi, nilisimama mbele ya gunia, nikafumba macho, nikaliona likipanda kabla sijaligusa. Mikono ilikuwa kama ya mtu mwingine, myepesi, imetoka ndotoni. Uzito uliongezwa kidogo kidogo. Sijui ni lini nilivuka gunia zima.

Sasa, siku hiyo ya masika lori letu lilikwama topeni tukitoka Mwazye. Wenzetu wakaenda kutafuta ng'ombe wa kulivuta. Masanja, kijana wa Kisukuma aliyebaki nami, alikuwa akichimba tope nyuma ya gurudumu pale gunia la lumbesa, lile la kujazwa mpaka likavimba, lilipoteleza kutoka juu ya lori, likamlaza chali na kumkandamiza kifuani.

"Dada, nakufa," akasema.

Nilikita miguu, nikafumba macho, nikavuta pumzi. Dunia ikanyamaza. Kisha mwili wote ukaitika kwa pamoja, gunia likainuka, Masanja akajiburuza nje akikohoa na kulia.

Kesho yake nilikwenda kazini kama kawaida. Mzee Sunga akanirudisha nyumbani.

"Mishipa nayo huchoka, ila hailalamiki kama msuli. Kalale."

Nililala mchana kutwa, mikono ikitetemeka, mvua ikinong'ona juu ya bati.

Mwanangu, wewe unayenyanyua vyuma kule Pito, usishindane na mshikaji wako. Inua unachokimudu, kwa nia yote, uache ukiwa bado una nguvu. Kula, lala, ndipo uongeze. Mkono ukitetemeka, weka chini bila aibu. Mungu akujalie mgongo mzima, na siku mtu atakapokuita kutoka chini ya mzigo, akukute unaweza.