Simu Zisizo na Laini

Ofisini walimwita Rula, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kujaribu programu za simu kabla hazijatolewa kwa watu. Alianza hatua ya kwanza akaenda hadi ya mwisho, hakuruka hata moja, na simu zote za majaribio alizitoa laini ili zisiite akapoteza mwelekeo. Ukimkatiza Rula, umejitakia mwenyewe.

Meza ya pili alikaa Mama Fujo, naye alikuwa na mambo yake. Alijaribu programu huku akitembea, huku akila ndizi, mara kaigeuza simu juu chini. Kubwa zaidi, alichomeka laini yake mwenyewe, kisha akawaomba wenzake wampigie katikati ya shughuli. Rula alimwona anacheza tu. Ilipoletwa programu ya kuagizia dawa kliniki, akamwendea bosi, akamwambia njia mbili ni kupoteza muda. Bosi naye, mtu wa kupenda mambo yaliyonyooka, akamhamishia Mama Fujo kwenye meza ya malalamiko ya wateja. Mama Fujo hakugombana. Alikusanya vitu vyake, akasema, "Kaka, watu hupigiwa simu." Rula akacheka.

Programu ikatoka, na Rula akaringa nayo hadi kwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada alikuwa na presha ya macho. Jicho moja lilishazimika, la pili lilitegemea matone yasikatike, na kila yalipokaribia kwisha alikwenda kliniki mwenyewe kupanga foleni. Rula akamwambia aache kujichosha, kila kitu kimo humu, amekijaribu kwa mkono wake.

Basi dada akaagiza, skrini ikaandika "imepokelewa", akasubiri. Chupa ikakauka, akasubiri. Hakutaka kumsumbua mdogo wake, wala kuonekana mshamba wa simu. Alipokuja kusema, jicho lilishaingia giza, na daktari hakuwa na la kumpa moyo. Kliniki nako, agizo halikuwahi kufika.

Rula, hasira zimempanda, akitafuta wa kumlaumu, akaketi ukingoni mwa kitanda na kumwomba dada aeleze alivyofanya.

"Vile vile ulivyonifundisha," dada akasema. "Nikabonyeza kutuma, simu ikaita. Nikapokea. Kurudi, nikakuta imeandika imepokelewa."

"Nani alikupigia?"

"Si wewe, mdogo wangu? Ulitaka kujua kama nimeshaagiza."

Maskini Rula, hakuwa na pa kuuweka uso. Alilia pale pale, mtu mzima, na dada ndiye aliyembembeleza.

Mama Fujo alirudishwa mezani kwake. Rula mwenyewe alikwenda kumwangukia. Hadi leo wanabishana kutwa nzima, na laini zimo ndani ya simu zote. Ila dada yake, Rula hampigii tena simu. Humwendea mwenyewe, hupiga hodi, na akishaingia husimama mbele yake na kusema ni mimi, kwa sababu asiposema dada hatamjua.