Mwaka Tuliorudi Kwenye Jiwe

Juzi niliingia duka moja pale Tarime mjini kununua unga. Mwenye duka akanitajia bei huku anatazama pembeni. "Dada yangu, huko ng'ambo kumechafuka tena," akasema. Nikacheka, lakini haikuwa furaha, ndugu yangu. Maneno hayo niliyasikia mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa.

Kwetu ni Nyanungu. Miaka ile ya dhahabu wanaume wengi walikuwa wametupa jembe wakaenda machimboni, mashamba yakawa nyasi, na unga tukawa tunanunua ng'ambo, kwa shangazi na binamu zetu wa Kenya. Basi wenzetu wa huko wakagombana kwa ajili ya uchaguzi, mpaka wa Kenya ukafungwa, kila kitu kikapanda bei. Sabuni, chumvi, mafuta ya taa! Ila dizeli ndiyo iliyotumaliza. Mwenye mashine ya kusaga alipandisha bei mara mbili ndani ya wiki moja, kisha akafunga mlango akaenda zake kuchimba.

Ndipo wanawake wakakumbuka mawe ya kusagia. Wapi! Wanaume walikuwa wameshayabeba kwenda kusagia mwamba wa dhahabu. Lilibaki la bibi, mama yake baba, kwa sababu alilikalia kila baba alipolitupia jicho. Asubuhi majirani walijaa uani kwetu na mtama wao na muhogo mkavu, na mlio wa kwaru-kwaru ndio ulioniamsha. Vumbi la unga lilikuwa linanukia mpaka mate yananijaa. Kila aliyesaga alimwachia bibi konzi moja, na konzi hizo ndizo tulizokula. Hatukuwa na kingine.

Bibi akaenda msibani siku mbili. Aliporudi, jiwe halipo. Baba alilirudisha kesho yake kwenye baiskeli, pamoja na chumvi na kilo moja ya sukari. Dhahabu yote ndiyo hiyo! Simlaumu sana, mdogo wangu alikuwa ameachishwa ziwa juzijuzi, analia njaa kutwa. Lakini kwenye vishimo vya jiwe kulikuwa na vitone vinang'aa.

"Mura, kijana wangu, umelitia nini jiwe langu?" bibi akamuuliza.

"Zebaki tu, mama, ya kukamatia dhahabu. Ukiliosha inatoka."

Bibi aliliosha kwa majivu, kwa mchanga, kwa maji ya moto. Majirani waliposikia hawakuja tena, na konzi zikaisha. Mimi nikamuuliza mwalimu shuleni, akasema hiyo ni sumu, msithubutu. Nikakimbia kumwambia bibi. Alikuwa amekaa, kapu la mtama wake liko mbele yake, mdogo wangu analia mgongoni kwa mama.

Kwetu anayekaribisha huonja kwanza, mgeni ajue chakula ni salama. Basi bibi akafanya hivyo kwa wajukuu. Alisaga, akapika uji, akanywa bakuli zima peke yake, akalala kivulini. Sisi tukakaa tunamtazama, matumbo yanaunguruma. Jua lilipofika utosini akainuka, akajinyoosha, akasema, "Mimi mzima. Njooni mle." Ikawa hivyo kila siku hadi mpaka ulipofunguliwa. Tulizoea hata tukafanya utani: bibi hajafa, leteni bakuli! Naye anacheka, mjinga mie nacheka zaidi.

Hakuna aliyetuambia kwamba sumu ile haina haraka. Bibi alijua sumu za kwao, zile zinazomwangusha mtu kabla hajanawa mikono.

Mwaka wa tatu mikono yake ilianza kutetemeka. Daktari hakusema ni jiwe, wala hakusema si jiwe. Alikufa akilishwa na mama kwa kijiko. Jiwe lenyewe baba alilitumbukiza kwenye shimo la zamani la machimbo, bila kumwambia mtu. Siku hizi huko nyumbani hulioni jiwe la kusagia, na mlio ule watoto wangu hawaujui. Unga ni wa dukani, bei wanapanga wengine, na mashamba sasa ni mashimo.

Mdogo wangu sasa ni mwanaume mzima. Hajawahi kukanyaga machimboni hata siku moja, lakini kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili, na bado kinamwagika.