Chuma Nyuma ya Mlango

Fundi viatu alikuwa na chuma kizito cha kupigilia soli, na kila jioni alikitua nyuma ya mlango wa chumbani, pale pale mguu wa mtu unapopita. Mkewe, mwanamke mwenye ulimi mkali, alimfokea maisha yao yote ya ndoa: "Baba watoto, ondoa chuma chako!" Naye alikuwa akijibu kwa upole ule ule, "Kesho, mke wangu."

Kesho haikufika. Fundi alifariki, chuma kikabaki.

Asubuhi moja mjane alitoka na ndoo ya nguo, akajikwaa, kidole kidogo cha mguu kikalia ka! "Si nilikuambia uondoe chuma chako!" akafoka, kisha akasubiri jibu. Alipokumbuka, alikaa sakafuni akalia, na si kwa kidole.

Kwenye zahanati, muuguzi aliweka pamba kati ya kidole kilichovunjika na kidole cha jirani, akavifunga pamoja kwa plasta. "Kigonjwa kiegemee kizima, mama. Ukikaa, uinue mguu juu ya mto. Ukitembea, uvae kiatu kipana chenye soli ngumu."

Kiatu kipana nyumbani kilikuwa cha marehemu tu. Binti yake alimvisha taratibu, kisha akainamia kile chuma.

"Mama, hiki nakitoa leo hii."

"Kiache."

"Mpaka kikuvunje vidole vyote? Kitatoka lini?"

Mjane alikitazama kile kiatu mguuni mwake.

"Kesho, mwanangu."