Mikono Chini ya Turubai

Mwaka 1976, nikiwa na miaka kumi na mmoja, mashine ya kuchambua katani ilimla baba yangu vidole vitatu vya mkono wa kulia, na shida yetu ilianzia hapo. Sisemi ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu hata leo, hapa Guangzhou, mwanamke mzima mwenye wajukuu, spana ikianguka kwenye sakafu ya saruji nageuka kuangalia nani amecheka.

Tuliishi kwenye nyumba za kampuni, ndani ya shamba la mkonge, upande wa Korogwe. Mtu aliyekulia shamba la mkonge haulizwi utoto wake ulinuka nini. Ulinuka yale maji ya kijani yanayotoka kiwandani, yaliyochacha mpaka nzi wenyewe wanasitasita. Ila mwaka ule uani kwetu palikuwa na harufu nyingine juu ya hiyo, kali, tamu, inayopanda puani mpaka kwenye macho: gundi ya faiba. Mama alikuwa akiisikia anafunika sufuria. Majirani wakipita walikuwa wanasema, “Fundi Paulo anapika nini tena leo?” Hakuwa anapika. Alikuwa anaunda gari.

Gari lenyewe lilikuja kwenye masanduku. Injinia mmoja Mzungu, aliyekuwa mkubwa wa baba karakana, aliagiza kutoka kwao gari la spoti la kujiundia mwenyewe nyumbani: fremu ya mabomba membamba, bodi ya faiba vipande vipande, na michoro ya kuonyesha kipi kinaingia wapi. Kabla hajafunga hata boliti moja akaitwa kurudi kwao, akamwachia baba masanduku yote. Baba aliyaweka chini ya kitanda na juu ya dari miaka kadhaa bila kuyagusa. Alipokatika vidole na karakana ikamwambia apumzike kwanza, neno ambalo kila mtu shambani alijua maana yake, ndipo alipoyatoa.

Gari lilikuwa jepesi sana. Halikuwa na paa wala milango, na wanaume wanne walilibeba kama kitanda. Baba alisema limeundwa kwa barabara za lami za huko Ulaya, kwetu litavunjika kiuno siku ya kwanza. Basi akalibadilisha. Alilinyanyua kwa springi za trela bovu, akalivika tumbo la bati la pipa ili mawe yasiipige injini, akalitilia injini ya pikapu iliyokufa karakana. Kitambaa cha faiba kinacholowekwa gundi kilipokwisha na bawa la mbele, la juu ya gurudumu, halijaisha, alichukua katani safi iliyochanwa, akailaza nyuzi zikipishana, akaimwagia gundi. Likakauka likawa gumu kuliko upande wa kizungu. Mtu akipita, baba alikuwa analigonga kwa fundo la kidole na kumwambia, “Sikia. Hilo ni shamba letu hilo.”

Nasema baba alifanya. Hivyo ndivyo tulivyosema wakati ule, na hivyo ndivyo nilivyoambiwa niseme. Ukweli ni kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa haushiki spana, na wa kushoto ulikuwa bado haujajifunza. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, wadogo zangu walikuwa bado wanakimbia bila suruali. Yeye alishika taa na kusema, mimi nikashika chuma. “Nusu zamu. Ngoja. Robo tena. Ikishafika itakwambia yenyewe, isikilize mkononi.” Na kweli boliti ilikuwa inaniambia. Nilijua ile hali ya chuma kukataa kidogo kabla hakijaumia, na mpaka leo sijui kuieleza kwa maneno. Kiswahili changu ni cha darasa la tano, mtanivumilia.

Mtu akipiga hodi, baba alikuwa ananirushia turubai. Lilikuwa turubai la kijani la kufunikia marobota ya katani, zito, lenye matone ya grisi. Nililala chini yake katikati ya mabomba, sijikuni, sipumui kwa nguvu, na juu yangu namsikia baba akigonga chuma na chuma kwa mkono wa kushoto ili ionekane anafanya kazi. Wageni walisifu. “Vidole viwili tu, jamani, lakini mtazame!” Baba alikuwa anajibu, “Fundi ni kichwa.” Mgeni akiondoka ananifunua, haniangalii usoni. Wala mimi simwangalii.

Shuleni aibu ilikuwa ya aina nyingine. Vumbi la faiba linaingia kwenye ngozi halionekani, linawasha kama upupu. Nilijikuna darasani mpaka mwalimu akadhani nina upele, akanihamishia dawati la nyuma peke yangu, karibu na dirisha. Asteria, rafiki yangu wa kukoga naye mtoni, alisema mbele ya wenzetu, “Roza ananuka kama rangi ya jeneza.” Nilicheka nao. Ningefanyaje? Nikiwaambia ni gari, wataniuliza msichana anatafuta nini ndani ya gari, na jibu hilo halikuwa langu kulitoa.

Meneja mpya alipokuja shambani, Mtanzania mwenzetu, mtu wa suruali yenye mkunjo, alipata habari za gari. Akaja akalizunguka. Baba alikuwa amesimama kwa heshima, mkono wa kulia mfukoni. Meneja akasema, mama alisikia, nami nilisikia chini ya turubai: “Fundi, ukinifikishia kitu hiki ofisini, kupanda kile kilima, bila kusukumwa, kisha nikaiona injini inanguruma yenyewe imetulia, Jumatatu unarudi karakana. Usipoweza, nyumba nitampa mwenye kazi.” Hapo ndipo maisha yetu yote yalipokuwa yamening'inia: kazi, nyumba ya kampuni, na shule yangu. Mama hakulala usingizi wa maana tena mpaka siku yenyewe.

Sasa mwenye gari ataelewa hili, na asiye na gari nitamwelewesha. Nyuma ya kabureta kulikuwa na nati moja imejificha, baina ya injini na ukuta unaoitenga na miguu ya abiria. Ikilegea, hewa inapenya pasipotakiwa, na injini haikai sailensa, haitulii yenyewe: ukiondoa mguu kwenye mafuta inakohoa na kuzima. Nati hiyo ilikuwa inalegea kila mara kwa mtikisiko. Mkono wa mtu mzima haukuingia pale, achilia mbali mkono wa baba. Baba akatoboa tundu kwenye ule ukuta, ili mkono wangu uifikie kutokea ndani. Na siku hiyo aliniweka pale chini, mahali pa miguu ya abiria, nimejikunja na spana namba kumi kifuani, akanifunika turubai kama mzigo. “Nikigonga mara mbili,” alisema, “kaza.” Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. Sijawahi kumsikia nayo kabla wala baada.

Kilima tulikipanda. Nilikuwa gizani, joto la injini likinipiga usoni, nasikia watoto wakikimbia pembeni na wanawake wakipiga vigelegele, na moyo ulinivimba kwa fahari kwa sababu kila kilichokuwa kinanguruma mle nilikifunga mimi. Tukafika ofisini. Watu walikuwa wamejaa uwanja wa mbele, pale kwenye saruji. Meneja akasema, “Haya, achia mafuta.” Baba akaachia. Injini ikakohoa, ikazima. Akaiwasha. Ikazima. Kicheko cha kwanza kikatoka, kidogo. Kisha nikasikia juu ya turubai, ko, ko.

Nilipitisha mkono tunduni. Bomba la moto likanichoma kifundo, kovu hili hapa. Nikaiweka spana kwenye nati, mkono ulikuwa unatoka jasho, spana ikaniponyoka. Ikagonga fremu, ikapenya mwanya wa bati la tumbo, ikadondoka mpaka chini ya gari, ikalia kwenye saruji ile mlio mrefu. Mzee Kihiyo, mlinzi wa geti, akainama akaiokota. “Jamani!” akasema. “Gari la Fundi Paulo linakunya spana!”

Walicheka wakashikana mabega.  Nilimwona baba kupitia mpasuko wa turubai, akiwa amefungua boneti na kuingiza ule mkono wake wa kulia mahali ambapo alijua haufiki, akiuzungusha mle ndani, mbele ya watu, ili aonekane anafanya kitu. Nilishindwa kulitazama hilo. Nikalitupa turubai, nikatoka na sketi yangu ya shule imelowa grisi, nikamnyang'anya Mzee Kihiyo spana, nikainama ndani ya gari, nikapitisha mkono tunduni na kukaza. Nusu zamu, robo tena. “Washa, baba.” Injini ikashika, ikatulia, ikanguruma polepole bila mtu kuigusa.

 Kisha mtu mmoja akasema, “Kumbe!” Neno hilo moja tu, na watu wakalipokea. “Kumbe fundi ni binti!” “Paulo, unatafutiwa kazi wewe au mwanao?” Asteria alikuwa palepale, amebebwa na kicheko. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alinyanyua mkono, akasema, “Kazi utapata, fundi. Mradi binti awe anapita karakana akitoka shule.” Alifikiri anatusaidia sote wawili. Baba akautoa mkono kwenye injini, akaufuta taratibu kwenye shati, akaurudisha mfukoni. “Mwajirini yeye,” alisema. Akashuka kilima kwa miguu, peke yake, akaniacha pale na gari linanguruma vizuri kabisa.

Nyumba ilichukuliwa. Tulihamia kwa shangazi mjini Korogwe, shule ikaishia hapo, nikawa nauza chai na mihogo stendi. Baba alikataa kuliwasha tena, wanaume wanne wakalisukuma gari mpaka kwa shangazi, na kuku wakatagia ndani yake. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Tulizungumza habari za mvua, za wajukuu, za kanisa. Habari za gari, hata siku moja. Na mimi nilikasirika naye kimoyomoyo karibu maisha yangu yote. Nilisema, mtu gani huyu anayekubali wanawe walale njaa kwa sababu binti yake ameshika spana?

Kutoka mihogo nilikwenda kwenye kanga, kutoka kanga kwenye nguo za watoto, Tanga, Dar, Dubai, mwisho huku. Nguo zangu nanunua soko la Shisanhang, makontena yanatokea bandari ya Nansha, na mabosi wa pale hunijua kwa sauti kabla hawajaniona. Nilipoona kuna kiwanda kinachouza gari dogo kama lile, fremu na bodi ya faiba, ulifunge mwenyewe, sikumuuliza mtu. Nililileta kwenye stoo nyuma ya nyumba ninayopanga. Huku gari la namna hiyo haliruhusiwi barabarani, hivyo naliendesha ndani ya uwanja wa godauni makontena yakishaondoka, nazunguka kama punda wa kinu. Nimebadilisha springi, nimebadilisha breki, na ufa wa bawa la mbele nimeuziba kwa katani niliyoletewa kwenye begi kutoka nyumbani.

Nasema nimebadilisha. Vidole vyangu siku hizi vimevimba kwenye viungo, asubuhi havikunjiki. Anayefunga ni Ayi Lin, yaani Shangazi Lin, jirani, mama anayetengeneza cherehani za viwanda vya nguo. Vidole vyake ni vyembamba, vinaingia popote. Alipoiona katani alisema haya ni manywele ya nani, akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nashika taa na kusema, yeye anafunga. Hataki hela, anataka chai ya maziwa yenye tangawizi.

Jumapili moja baada ya ibada walikuja Mama Neema wa Moshi na Ndugu Yosefu wa Mwanza, wafanyabiashara wenzangu, wamesikia bibi kizee anaunda gari. Nilisikia sauti zao getini. Kabla sijafikiri, nilimpokonya Ayi Lin spana mkononi, nikamwambia nenda kachemshe chai. Alinitazama. “Hao, laoban,” akasema, sawa bosi, na hakuwa amewahi kuniita bosi tangu nimjue. Akaingia ndani.

“Mama Korogwe, wewe ni moto!” Mama Neema alisema, simu juu. “Kaza basi nikupige picha.” Nikainama kukaza. Vidole vikakataa. Spana ikaanguka, ikalia kwenye saruji mlio uleule mrefu, na hakuna aliyecheka, nikageuka hata hivyo. Ayi Lin alikuwa amesimama mlangoni na birika. Hakuinama kuiokota. Niliinama mimi, mgongo ukanilaani, nikampa mbele yao. “Fundi ni huyu,” nikasema. “Mimi nashika taa.”

“Kumbe!” Ndugu Yosefu alisema, akacheka, kwa wema tu, bila nia mbaya. Na aibu ikanipanda masikioni kama moto wa lile bomba. Nina kila kitu, nilijiambia, nao ni wageni wa chai tu, na bado inaniunguza hivi. Baba hakuwa na kitu kingine chochote siku ile ila jina la ufundi, na aliyemvua jina hilo mbele ya watu ni mwanawe. Ningeirudia siku ile ningetoka tena chini ya turubai, hilo sidanganyi. Lakini hasira yangu ya miaka yote hiyo niliiona ilivyo, na sikuipenda.

Ayi Lin alikaza ile boliti, akanywa chai, akaniita kwa jina.

Leo nina nyumba mbili Korogwe na duka moja Tanga. Nina stoo ya kupanga hapa Guangzhou na marobota yanayosubiri meli. Nina gari moja jekundu lisilokwenda popote, limefungwa na Lin. Na nina vidole kumi, vyote vipo.